Mgeni Aliyeshika Mwiko: Julia Child katika Majiko ya Ufaransa

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno hayo kwa kawaida huambiwa mwenyeji, ili ajue namna ya kumtuma mgeni wake. Lakini wako wageni wachache ambao hawangoji kupewa jembe, bali hulitafuta wenyewe. Makala hii inamhusu mgeni mmoja wa namna hiyo pamoja na nchi aliyokwenda kukaa. Mgeni mwenyewe ni Julia Child, mke wa mtumishi wa serikali ya Marekani. Nchi ni Ufaransa, na jembe aliloshika lilikuwa mwiko wa jikoni.

Nimemchagua kwa sababu maalumu. Familia za askari, za polisi na za watumishi wa serikali ni familia za uhamisho. Barua huja, masanduku hufungwa, watoto hutolewa shule, na safari huanza. Mwenye kazi akifika kituo kipya hukuta meza yake inamngoja. Mwenziwe hakuti kinachomngoja ila kuta nne, majirani asiowajua, na pengine lugha asiyoisikia. Je, huyu wa pili afanye nini na miaka yake? Ndilo swali lililomkabili Julia Child alipokuwa na umri wa miaka 36, na namna alivyolijibu inafaa kusimuliwa katika nyumba zetu.

MASIJALA YA WAKATI WA VITA

Julia McWilliams alizaliwa mwaka 1912 huko Pasadena, katika jimbo la California. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye mali, na mpishi alikuwa wa kuajiriwa. Kwa hiyo binti huyo alikua bila kujua kupika. Alirefuka mpaka akafikia kiasi cha sentimita 188. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, aliomba kujiunga na vikosi vya wanawake vya jeshi, akakataliwa kwa sababu ya urefu wake. Mwaka 1942 akaajiriwa na OSS, ambayo ilikuwa idara ya ujasusi ya Marekani katika miaka ile ya vita.

Mwaka 1944 alipelekwa Kandy katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Huko hakuwa jasusi wa kuruka kuta usiku. Alikuwa mkuu wa masijala. Alipokea nyaraka za siri, akaziandikisha na kuzitunza zisipotee. Kisiwa hicho si kigeni katika historia ya Afrika Mashariki, kwani askari wengi wa KAR walipita hapo kabla ya kwenda kupigana na Wajapani huko Burma. Baadaye Julia alihamishiwa Kunming, nchini China, ambako chakula cha Wachina kilimwonyesha kwa mara ya kwanza kwamba mlo unaweza kuwa jambo la kufikiriwa, si la kujaza tumbo tu.

Huko Ceylon ndiko alikokutana na Paul Child, mtumishi wa idara hiyohiyo na mchoraji hodari, aliyemzidi umri kwa miaka 10. Paul alikuwa amewahi kukaa Paris, alizungumza Kifaransa vizuri, na alijua chakula kizuri ni kipi. Wakaoana Septemba 1946. Mwaka 1948 serikali ilimpangia Paul kazi ya habari katika jiji la Paris, na mkewe akafungasha kumfuata.

CHAKULA CHA MCHANA MJINI ROUEN

Meli iliwashusha katika bandari ya Le Havre mwanzoni mwa Novemba 1948. Ufaransa ya wakati huo haikuwa nchi ya anasa. Mabomu ya Septemba 1944 yalikuwa yameiangusha sehemu kubwa ya Le Havre, na kazi ya kuijenga upya ilikuwa bado ikiendelea. Chakula kilikuwa bado kinagawiwa kwa kadi, utaratibu ambao haukumalizika mpaka mwaka 1949. Wageni hao wawili walipakia mizigo katika gari lao, wakashika njia ya kwenda Paris, na saa ya chakula cha mchana ikawakuta katika mji wa Rouen, kando ya mto Seine.

Rouen ni mji wa kale wa jimbo la Normandie, nchi ya malisho mabichi, ng'ombe wa maziwa, siagi na matofaa. Katikati yake pana uwanja wa soko la zamani, na katika uwanja huo, mwaka 1431, ndipo alipochomwa moto Jeanne d'Arc, msichana mkulima aliyeyaongoza majeshi ya Ufaransa dhidi ya Waingereza kabla hajatimiza miaka 20. Kando ya uwanja huohuo iko hoteli ya chakula iitwayo La Couronne. Wenyewe hujivunia kwamba nyumba yao imekuwa ikipokea wageni tangu mwaka 1345.

Hapo Julia aliletewa chaza, kisha samaki, saladi, jibini laini na kahawa. Huyo samaki ndiye aliyeyageuza maisha yake. Alikuwa samaki bapa wa baharini, wa jamii ambayo wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki huiita gayogayo. Alikuwa amepakwa unga, akakaangwa kwa siagi, akamwagiwa siagi nyingine iliyogeuka rangi, ndimu kidogo, na majani mabichi yaliyokatwakatwa. Basi. Hapakuwa na viungo 20, wala madoido. Julia alishangaa kwamba vitu vinne au vitano ambavyo alivifahamu tangu utotoni vingeweza kutoa ladha ambayo hakuwahi kuionja. Siri, alitambua, haikuwa katika vitu bali katika mkono uliovipika.

SOKONI PARIS

Huko Paris walipanga nyumba katika barabara ya rue de l'Université, namba 81, karibu na mto. Paul alikwenda ofisini kila asubuhi. Julia alibaki na jiji zima mbele yake, na Kifaransa cha kuombea maji tu.

Shule yake ya kwanza ilikuwa soko. Mfaransa muuza chakula hapendi mnunuzi anayeonyesha kidole, akalipa, akaondoka bila neno. Hutaka maamkizi kwanza, kisha mazungumzo. Muuza jibini huuliza kama jibini hilo litaliwa mchana au usiku, kisha hubonyeza moja baada ya jingine mpaka apate lile litakaloiva kwa saa hiyo. Muuza nyama huuliza utapika nini ndipo akate. Mgeni asiyejua kujibu hupata aibu, lakini mgeni anayeuliza naye hupata somo bila kulipa ada. Kwa njia hiyo Julia alijifunza lugha na mapishi kwa pamoja, kama mtoto anayejifunza majina ya vitu kwa kutumwa dukani.

Soko kubwa kuliko yote wakati huo lilikuwa Les Halles, katikati ya jiji, chini ya mabanda makubwa ya chuma yaliyojengwa katika karne ya 19. Wachuuzi walifika usiku wa manane, na alfajiri ilikuta vitunguu, kabichi, samaki na mizoga ya ng'ombe imepangwa kama milima. Msafiri wa leo hatalikuta soko hilo, maana mwaka 1969 lilihamishiwa Rungis, nje ya jiji. Lakini karibu na mahali hapo lingali lipo duka la vyombo la Dehillerin, lililoanzishwa mwaka 1820. Ndani yake sufuria za shaba nyekundu, visu vya kila urefu na miiko ya kila namna vimejaa mpaka darini. Mtu anayependa jiko huingia humo akasahau saa.

DARASA LA ASKARI WA ZAMANI

Oktoba 1949 Julia alijiandikisha katika chuo cha upishi cha Le Cordon Bleu, kilichoanzishwa mwaka 1895. Kwanza aliwekwa katika darasa la akina mama wa nyumbani. Baada ya siku mbili akaona somo lile ni jepesi, akaomba kuhamishwa. Akapelekwa katika darasa la wanaume 11, wote askari wa zamani wa Marekani.

Hapa wasomaji wetu walio kambini watege sikio. Mwaka 1944 Marekani ilitunga sheria ya kuwalipia askari wake ada ya masomo baada ya vita. Wengi walikwenda vyuo vikuu, lakini wengine walichagua ufundi, na baadhi yao wakachagua jiko, wakikusudia kufungua mikahawa. Basi katika chumba cha chini cha chuo kile, kila asubuhi, wanaume waliokuwa wakishika bunduki walishika visu vya vitunguu, na kati yao akasimama mwanamke mmoja aliyekuwa mrefu kuliko wengi wao.

Mwalimu wao alikuwa Max Bugnard, mzee aliyepita miaka 70, ambaye katika ujana wake alifanya kazi London chini ya Auguste Escoffier. Huyo Escoffier, aliyezaliwa mwaka 1846 na kufariki mwaka 1935, ndiye aliyeupanga upya upishi wa Kifaransa. Naye mwenyewe alikuwa mpishi wa jeshi katika vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia. Alizingirwa pamoja na jeshi katika mji wa Metz, ambako ilimlazimu kuwapikia maofisa nyama ya farasi. Baada ya vita, katika hoteli kubwa alizoziongoza, aliligawa jiko kwa mfano wa jeshi. Mmoja alipewa nyama, mwingine michuzi, mwingine mboga, mwingine vitamu, na juu yao mkuu mmoja mwenye amri. Mpaka leo Wafaransa huita mpango huo brigedi ya jiko. Kwa hiyo askari wale wa Marekani hawakuwa wageni kabisa mahali pale, kwani waliingia katika kazi ambayo nidhamu yake ilitoka kambini.

Mzee Bugnard alianza na mambo madogo. Aliwauliza wanafunzi namna ya kupika mayai ya kuvuruga. Julia, kama wengi wetu, aliyapigapiga kwa nguvu na kuyamimina katika kikaango cha moto. Mzee akamzuia. Akapaka siagi kikaangoni, akatia mayai yaliyochanganywa taratibu tu, akaweka moto mdogo, akangoja. Yalipoanza kushikana ndipo akayakoroga, akikiinua kikaango kutoka motoni na kukirudisha, na mwisho akatia malai kidogo ili yasiendelee kuiva. Yakatoka laini, yenye ladha ya mayai. Mwalimu yeyote atakayesoma habari hii ataelewa thamani ya somo hilo, maana mwanafunzi alionyeshwa kwamba hata jambo alilodhani analijua lina sababu zake.

Ratiba ya Julia ilikuwa nzito. Asubuhi alipika chuoni, adhuhuri alirudi nyumbani kumpikia mumewe yaleyale aliyojifunza, na alasiri alirejea kutazama wapishi wakuu wakionyesha kazi. Hata hivyo, mtihani wa kwanza alishindwa. Alikuwa amejiandaa kwa mapishi makubwa, naye akaulizwa vyakula vya kawaida vilivyoandikwa katika kijitabu cha chuo, ambacho hakukikariri. Alikasirika sana, lakini hakuacha. Akarudia mtihani, akafaulu, na mwaka 1951 akapata cheti.

KITABU KILICHOHAMA NA MASANDUKU

Hapo Paris Julia alifahamiana na wanawake wawili wa Kifaransa, Simone Beck na Louisette Bertholle, waliokuwa wakiandika kitabu cha mapishi kwa ajili ya Wamarekani. Mwaka 1952 watatu hao wakafungua shule ndogo ya upishi, na Julia akaombwa kusaidia kitabu. Ndipo uhamisho ulipoanza tena.

Mwaka 1953 Paul alihamishiwa Marseille, bandari kubwa ya kusini. Mtu mwingine angelia kuiacha Paris. Julia alikwenda soko la samaki la huko, akajifunza supu maarufu ya wavuvi wa Marseille, inayopikwa kwa samaki wa namna mbalimbali, nyanya, vitunguu saumu, mafuta ya zeituni na zafarani. Mwaka 1954 wakahamishiwa Ujerumani Magharibi ya wakati huo, karibu na Bonn, kisha wakarudi Washington mwaka 1956, na mwaka 1959 wakapelekwa Oslo, nchini Norwei. Kila mahali jiko lilifunguliwa upya, na kurasa za kitabu zilisafiri kwa posta kati yake na Simone Beck.

Maisha ya utumishi yana machungu yake pia. Mwaka 1955, katika enzi ambayo Marekani iliwashuku watumishi wake wengi kwa siasa zao, Paul aliitwa ghafla Washington akahojiwa juu ya uaminifu wake kwa nchi. Hakupatikana na kosa, akasafishwa na kurejea kazini, lakini jambo hilo liliacha kovu. Hapana shaka katika siku kama hizo kazi ya Julia iliisaidia nyumba isimame. Cheo cha mume kinaweza kuyumba kwa barua moja, bali ufundi ulio mkononi hauwezi kuhamishwa wala kusimamishwa na ofisi yoyote.

Kitabu nacho kilikataliwa na wachapishaji wa kwanza, waliokiona kirefu mno. Hatimaye kilitolewa New York mwaka 1961, mwaka uleule ambao Paul alistaafu. Miaka kumi na zaidi ilikuwa imepita tangu Julia aingie darasani. Februari 1963, akiwa na miaka 50, alianza kufundisha upishi katika televisheni ya Boston, na Wamarekani wengi wakapata kwake somo lilelile la mzee Bugnard. Ufaransa ilimtunukia nishani yake ya Légion d'honneur mwaka 2000. Alifariki Agosti 2004, zikiwa zimesalia siku mbili atimize miaka 92.

SAMAKI WA ROUEN KATIKA JIKO LETU

Ili habari hii isibaki maneno matupu, hebu tumpike samaki yule. Asiye na gayogayo atumie minofu ya sato au ya sangara. Kwa watu wanne chukua minofu minne isiyo minene, unga wa ngano kiasi cha nusu kikombe, siagi vijiko vikubwa sita, mafuta ya kupikia kijiko kimoja, ndimu moja, chumvi, pilipili manga, na majani machache ya kotimiri.

Kwanza mkaushe samaki kwa kitambaa safi, maana samaki mwenye maji hachomeki, bali hutokota. Mtie chumvi na pilipili manga. Mpake unga wakati kikaango kimekwisha pata moto, si kabla, kwa sababu unga ukikaa hulowa na kuwa uji. Yeyusha vijiko viwili vya siagi pamoja na mafuta. Mafuta huisaidia siagi isiungue upesi. Povu la siagi likianza kutulia, weka samaki. Mpe dakika mbili au tatu kila upande, mgeuze mara moja tu, kisha mtoe umweke katika sahani yenye joto.

Futa kikaango, kwani mabaki ya unga yaliyoungua ni machungu. Tia vijiko vinne vya siagi vilivyobaki. Simama hapohapo, usiende kuongea na jirani. Siagi itayeyuka, itatoa povu, kisha itageuka rangi ya karanga zilizokaangwa na kunukia vizuri. Wakati huohuo iepue, maana baada ya nukta chache itakuwa nyeusi. Nyunyiza kotimiri juu ya samaki, kamulia ndimu, mwagia siagi hiyo, na mle mara moja. Wali mweupe au viazi vya kuchemsha vinafaa.

Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuandikisha mlo wa Kifaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kilichohifadhiwa si chakula fulani, bali desturi yenyewe ya watu kukaa pamoja mezani, kula kwa utaratibu na kuzungumza. Desturi hiyo haihitaji shaba nyekundu wala hoteli ya mwaka 1345.

Jiko la nyumbani la Julia Child, alilolitumia tangu mwaka 1961 katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, sasa limo katika jumba la makumbusho ya historia huko Washington. Meza zake ziliinuliwa kuliko kawaida ili zilingane na urefu wake. Ukutani Paul alichora umbo la kila sufuria mahali pake, hata chombo kikikosekana huonekana mara moja, kama silaha iliyotoka ghalani bila kuandikwa. Mke alipika, mume akapanga jiko. Wote wawili walikuwa wamejifunza kazi hiyo ugenini, wakiishi kwa masanduku, wakingojea barua nyingine ya uhamisho.